Mbata Ilitoka, Sabuni Ikarudi

Ukikaa Mama Ngina jioni na mihogo yako ya kukaanga, yenye pilipili na ndimu, meli zinazoingia Kilindini hupita karibu hadi unasoma majina yake. Wengi huona makontena na kufikiria magari ya Japani. Mimi huwaza sabuni. Nina ukurutu tangu utotoni, viwikoni na nyuma ya magoti, kwa hivyo nimezoea kusoma karatasi za sabuni kama wengine wanavyosoma magazeti.

Siku hizi sabuni za mkono zimejaa mjini: ya mwarobaini, ya manjano, ya mkaa, ya mwani kutoka Unguja. Zinauzwa kama kitu kipya tulicholetewa. Yaani, sisi na nazi zetu tuletewe sabuni ya nazi!

Mwaka 1688 serikali ya Louis XIV iliagiza sabuni ya Marseille ipikwe kwa mafuta ya zeituni peke yake. Karne ya 19 viwanda vikakua na zeituni haikutosha tena. Wafanyabiashara wa Kifaransa wakaja kutafuta mafuta upande wetu. Mwaka 1844 Ufaransa ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, na meli za Marseille zikawa zinapakia ufuta na mbata Zanzibar. Ufuta ule ulitoka pwani nzima, Lamu na Malindi pia. Malindi, iliyofufuliwa kuanzia miaka ya 1860, ilikuwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Hili halikuandikwa kwenye karatasi ya sabuni. Mwafrika aliyeinama juani bila malipo alikuwa ndani ya kile kipande Ulaya ilichokisifu kwa usafi, na utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka 1907.

Miaka michache baadaye, 1911, ikaundwa kampuni ya Magadi Soda, na magadi nayo yakaanza kushuka kwa reli kuja Mombasa. Hesabu basi: mafuta yametoka hapa, magadi yametoka hapa, kisha sabuni ikarudi kwa meli ikiwa na karatasi nzuri na bei yake.

Kabla ya hapo watu hawakuwa wachafu. Kulikuwa na dodoki, liwa ya kusagwa jiweni, na singo ya bi harusi ambayo mpaka leo haijapata mshindani.

Sasa, ngozi. Mafuta yakikutana na kostiki hutokea vitu viwili, sabuni na gliserini. Gliserini huvuta unyevu na kuushika kwenye ngozi. Ila mwaka 1867 Alfred Nobel alipata hataza ya baruti yake, dainamaiti, na dainamaiti hutengenezwa kwa gliserini. Ghafla kile kilichobaki kwenye masufuria ya sabuni kikawa mali. Viwanda vingi mpaka leo huitenga na kuiuza kando, ingawa siku hizi zaidi ni kwa dawa na vipodozi. Mama anayepika sabuni jikoni hana mtambo wa kuitenga, kwa hivyo inabaki humo humo. Mpishi mzuri pia hupunguza kostiki kidogo ili mafuta mengine yasigeuke sabuni. Kwangu mimi faida ya sabuni ya mkono iko hapo, si katika neno "asilia".

Manake asilia nayo huwasha. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ndiyo sababu sabuni yake hutoa povu hata kwa maji ya chumvi na mabaharia waliipenda. Nguvu hiyo hiyo huondoa mafuta ya ngozi. Sabuni ya nazi tupu hunikausha kama samaki wa ng'onda. Tena sabuni yoyote ya kweli ina pH ya 9 au 10, na ngozi iko karibu na 5. Wako wenye ukurutu ambao daktari atawaambia waache sabuni kabisa, na mafuta ya maua yanayotiwa kwa harufu yanaweza kuwadhuru kuliko yale ya kiwandani.

Na kuna sabuni mbaya zaidi ya hizi zote. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika British Medical Journal kuhusu wanawake walioharibika figo baada ya kupaka krimu za kujichubua zenye zebaki. Mwaka 1976 Ulaya ilikataza zebaki katika vipodozi vya watu wake, lakini sabuni za zebaki zikaendelea kutengenezwa huko kwa ajili ya soko la Afrika. Kenya ilizipiga marufuku 1998. Bado zinapenya. Ukiona sabuni inaahidi kukung'arisha, iache palepale.

Mimi hununua kwa mama mmoja wa Mji wa Kale. Hutia nazi kidogo, mawese na ufuta, kisha huziacha rafuni wiki sita zikauke. Kila nikimwomba isiyo na marashi hunicheka.

"Mwanangu, sabuni isonukia, nani atajua kama umekoga?"

Kisha hunikatia kipande, na hunizidishia kidogo.