Uradi wa Anayeanza

Siku hizi kutafakari, kwa maana ya kukaa kimya na kuituliza nafsi, huelezwa kwetu kana kwamba ni jambo lililoshuka jana kutoka ng'ambo. Anayeanza huambiwa akae peke yake, afumbe macho, ahesabu pumzi zake. Akijaribu siku nne na mawazo yakamzidi, huacha, na tena hujiona kuwa yeye ndiye mwenye kasoro. Lakini huku Uzaramoni, katika vijiji vya Kisarawe kama Mzenga, kazi hii ya moyo ina historia ndefu, nayo iliitwa dhikri. Swali ambalo mimi hupenda kulirudia ni hili: mkulima wa mihogo, asiyesoma sana, aliwezaje kuianza na kudumu nayo mpaka uzeeni?

Mzenga ya leo hujulikana na wasafiri kwa kituo chake cha TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Kabla ya hapo mambo yalifika kwa miguu, kutoka Bagamoyo na Dar es Salaam. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walijenga Maneromango, jirani tu, lakini Wazaramo walio wengi waliingia katika Uislamu, hasa wakati wa utawala wa Wajerumani na miaka iliyofuata. Wala hawakuwa wageni wa kungoja kwa utulivu. Kabla ya hapo, mvua ilipokataa, wajumbe wao walikwenda mpaka pango la Kolelo katika milima ya Uluguru kuomba na kusikiliza.

Dhikri yenyewe ilikuja na twarika. Kadiriya hujinasibisha na Sheikh Abdul Qadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika pwani yetu aliyeieneza kwa nguvu ni Sheikh Uways wa Barawa, aliyefika Unguja katika miaka ya 1880 wakati wa Sultani Barghash, na akauawa Somalia mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdallah Hassan. Twarika ya Shadhiliya nayo ilienezwa kutoka Ngazija na Sheikh Muhammad Maarufu, aliyefariki mwaka 1905.

Lakini kwa watu wa mrima, jina zito ni la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Huyu alizaliwa upande wa Manyema, katika Kongo ya mashariki, akaletwa pwani akiwa mtumwa. Alisoma, akafungua madrasa, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa kiongozi mkubwa wa Kadiriya mjini Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 1931. Tukumbuke kwamba utumwa haukufutwa kisheria katika Tanganyika mpaka mwaka 1922. Maana yake ni kwamba kulikuwa na waungwana wa mji ule waliokwenda kupokea uradi kwa mtu ambaye, kwa hesabu za zamani, hakuwa na ukoo wa kuutaja. Yeye alikuwa na silsila, yaani mlolongo wa majina ya masheikh, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwa Mtume. Mtu aliyenyang'anywa baba na babu alipata orodha ya mababa wa roho isiyoweza kunyang'anywa tena. Nadhani hatuwezi kuelewa kwa nini dhikri ilishika namna ile katika nchi hii bila kulitazama jambo hilo. Aliyeingia hakutafuta utulivu tu, alitafuta watu.

Na hapo ndipo tunapoona namna anayeanza alivyoshughulikiwa. Kwanza, hakujichagulia. Muridi alifika kwa sheikh au kwa halifa wake, akashikwa mkono wa bayaa, akapewa ijaza pamoja na uradi wa kuvuta. Uradi huo ulikuwa na hesabu. Katika matawi mengi ya Kadiriya muridi hupewa kusema "La ilaha illa Llah" mara 165 baada ya kila sala ya faradhi. Hesabu hii haikuokotwa. Ukizipa herufi za Kiarabu thamani zake za abjadi, maneno hayo manne hutoa 31, 36, 32 na 66, na jumla yake ni 165. Anayeanza hakuhitaji kujua hayo. Yeye alihitaji tasbihi mkononi na dakika chache, kisha akaenda shambani.

Naona busara kubwa hapo. Hakuna aliyemwuliza muridi leo umehisi nini. Aliulizwa kama ametimiza uradi wake, na hilo hata mwenye moyo uliotawanyika kama kuku waliofukuzwa anaweza kulijibu. Ibn Ata Allah wa Aleksandria, mwanachuoni wa Shadhiliya aliyefariki mwaka 1309, alikwisha kufundisha kwamba mtu asiiache dhikri kwa sababu moyo wake haupo, kwani kughafilika bila dhikri ni kubaya zaidi. Kwa hiyo mawazo kuzurura hayakuwa dalili ya kushindwa. Yalikuwa hali ya kawaida ya mwanzo, na dawa yake ni kuendelea kuhesabu.

Pili, kulikuwa na halaka. Usiku wa kuamkia Ijumaa, au siku ya maulidi, watu husimama duara, mabega yakikaribiana, halifa akiongoza mwendo. Huanza polepole, miili ikiinama na kuinuka pamoja, kasida zikisomwa pembeni, halafu mwendo huongezeka. Aliyekuja jana huchukuliwa na pumzi za waliozoea. Hapa mwili hutangulia na moyo hufuata, kinyume kabisa cha kumwambia mtu mpya akae tuli akiwa peke yake chumbani.

Si kwamba kila mtu alipendezwa. Baadhi ya Makadiri walitoa dhikri kwa sauti ya kifuani, karibu na kukohoa, hata jina la Mwenyezi Mungu likawa halisikiki vizuri, na jambo hilo lilileta ugomvi mkali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), na baadaye Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982), walikemea mambo waliyoyaona kuwa ni uzushi katika ibada. Sina elimu ya kuwahukumu wanazuoni. Ila nasema kwamba hoja ilihusu namna ya kuifanya. Kumkumbuka Mungu hakuna aliyekukataa, na anayevuta uradi wake kimya kwenye mkeka hagombani na yeyote.

Kuna adabu moja ya zamani ambayo naona imesahauliwa kuliko zote, nayo inahusu kinachofuata baada ya dhikri kwisha. Ibn Ata Allah ameieleza: mtu asiinuke mara moja. Akae kimya bila kujitikisa, aizuie pumzi kidogo, na asinywe maji ya baridi papo hapo. Wakati ule wa kunyamaza ndio unaosemwa kuwa huleta kitu moyoni, ile kazi iliyotangulia ilikuwa kulima tu. Sisi wa leo, saa ikilia kwamba dakika zimetimia, tumekwisha simama, tunatafuta viatu. Ama kuhusu maji, wazee walieleza kwamba dhikri huacha joto kifuani, na joto hilo ndilo linalotakiwa libaki, basi mwenye kiu angoje kidogo.