Kutoka kichuguu hadi simenti: namna Kipushi na Lubumbashi zilivyojengwa

Kipushi, Haut-Katanga – Kila mwaka, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, moshi unapanda kandokando ya mji wa Kipushi na kwenye njia ya kilomita zipatazo 30 inayoelekea Lubumbashi. Si moshi wa makala peke yake. Ni wa tanuru za matofali pia. Kiangazi ndicho kipindi cha kufyatua, kukausha na kuchoma, kwa sababu mvua ikisha kuanza, tofali bichi linarudi kuwa tope.

Familia zilizofika huku zikikimbia vita na vurugu zinaijua hesabu hiyo. Anayetaka kutoka chini ya turubai anapaswa kuwa na ukuta na bati kabla ya mwezi wa kumi na moja. Wengi wanadhani shida kubwa ni pesa ya simenti. Ni kweli, simenti ni ghali. Lakini historia ya nyumba za eneo hili inaonyesha jambo lingine: mara nyingi watu walipewa nyumba, wakazipoteza. Kile ambacho hawakunyang'anywa ni ujuzi wa kujenga.

Udongo uliopandishwa na mchwa

Mgeni akitembea katika pori la Katanga, anachokiona haraka ni vichuguu. Si vile vya urefu wa goti. Vichuguu vikubwa vya eneo la Lubumbashi vinaweza kufika mita 8 kwenda juu, na upana wa mita 15 au zaidi pale chini. Wataalamu wa udongo waliopima umri wa baadhi yake walikuta vingine vina zaidi ya miaka 2000. Maana yake, vilikuwa vimesimama hapo kabla ya wafalme, kabla ya wafanyabiashara wa shaba, kabla ya Wazungu.

Mchwa wanachagua chembe laini za udongo wa mfinyanzi kutoka chini na kuzipandisha juu, mwaka kwa mwaka. Ndiyo sababu udongo wa kichuguu unashikana. Ukiloweshwa na kukanyagwa vizuri, unaingia katika kibao cha kufyatulia bila kupasuka. Kila fundi wa Kipushi anajua hilo, na wakulima nao wanajua kwamba mahindi yaliyopandwa karibu na kichuguu yanakuwa na nguvu.

Lakini udongo huo una hila yake. Ndani ya vichuguu vingi vya Katanga kuna vipande vyeupe vya chokaa. Kipande hicho kikibaki ndani ya tofali na kuingia motoni, kinageuka chokaa iliyoungua. Siku tofali likipata maji, chokaa inavimba na kulipasua. Mafundi wazoefu wanavitoa kwa mkono au wanasaga udongo kwanza. Fundi asiyejua anauza tofali zuri la siku tatu.

Mji wa reli, mji wa kampuni

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, na mwaka huo huo mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukaanzishwa. Tarehe 30 mwezi wa sita 1911 kiwanda cha kuyeyusha kikatoa shaba yake ya kwanza.

Mabati, vyuma, vioo na simenti vilikuja kwa treni kutoka mbali, na bei yake ilipanda kwa kila kilomita. Kwa hiyo wajenzi waligeukia kitu kilichokuwa karibu: vichuguu. Vilibomolewa, vikawa matofali, na matofali yakawa kuta. Kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, katikati ya Lubumbashi, ni la matofali, na limesimama tangu karibu miaka 100.

Wafanyakazi wenyewe hawakulala nyuma ya kuta za namna hiyo. Katika miaka ya kwanza walikaa katika vibanda vya miti, udongo na nyasi, wakibanana wengi pamoja. Magonjwa ya mapafu na ya tumbo yaliwaua wengi. Kampuni ilikuwa inaleta watu kutoka mbali na kuwarudisha baada ya muda mfupi, na wengine hawakurudi kabisa.

Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilibadilisha mpango. Ilianza kuajiri kwa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu mfanyakazi aje na mke na watoto, na ikajenga nyumba bora zaidi katika kambi zake. Kipushi, ambako mgodi ulifunguliwa katika miaka hiyo na kuitwa Prince Léopold, ilikua kwa namna hiyo: mgodi, kambi, dispensari, shule, kanisa, yote katika mkono mmoja. Nyumba zilipangwa kwa mistari. Kila moja ilikuwa na namba.

Nyumba hizo ziliokoa maisha, na wazee wengi wanazisifu mpaka leo. Lakini zilikuwa za kampuni. Mume akifukuzwa kazi, jamaa nzima inatoka. Aliyekaa humo hakuulizwa msingi ulichimbwa kiasi gani wala tofali lilichomwa siku ngapi. Bomba likivunjika, mtu wa kampuni anakuja. Baba angeweza kukaa miaka 20 katika nyumba ya matofali bila kujua hata jambo moja la matofali, isipokuwa kama kazi yake mwenyewe ilikuwa ya uashi.

Katuba: mtu anajenga ya kwake

Njia nyingine ilijaribiwa nje ya kambi. Mtaa wa Kamalondo ulianzishwa mwaka 1921 kwa ajili ya Waafrika wasiokaa katika kambi za makampuni, ukitengwa na mji wa Wazungu kwa eneo tupu. Watu wakazidi kuongezeka, hasa baada ya vita vya 1940-1945, na nyumba hazikutosha.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Office des Cités Africaines, shirika lililojenga nyumba nyingi katika miji mikubwa ya Kongo. Lakini Elisabethville ilikuwa imekwisha kuanza na jambo lake, lililoitwa mfumo wa Grévisse, kwa jina la Ferdinand Grévisse aliyekuwa mtawala wa hapo. Katika mfumo huo mtu hakupewa nyumba iliyokwisha. Alipewa kiwanja, mkopo wa kununulia vifaa, na msaada wa watu wa ufundi. Kazi ya kutafuta mwashi, au ya kupanga matofali yeye mwenyewe, ilikuwa yake. Mtaa wa Katuba ulikua hivyo.

Mfumo huo ulikuwa wa ukoloni, na ukoloni ulikuwa na sababu zake: ulitaka wafanyakazi watulivu, na ulitaka kutumia pesa kidogo. Hata hivyo uliacha kitu ambacho kambi haikuacha. Mwenye nyumba wa Katuba alijua chumba chake kimekula matofali mangapi. Aliona msingi ukichimbwa. Mtoto wake aliyebeba maji ya tope alikua akijua tope zuri na tope baya.

Waliokimbia, waliokaa

Mwaka 1961, wakati wa Katanga kujitenga, makumi ya maelfu ya Waluba waliokimbia mateso walikusanyika katika kambi moja Elisabethville, chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Wengi wao walitoka katika nyumba za matofali za mjini. Kwa siku chache wakajikuta katika vibanda vilivyoinuliwa haraka kwa chochote kilichopatikana. Mwaka uliofuata wengi walisafirishwa kuelekea Kasai.

Mwaka 1992 na 1993 hali hiyo ilirudi kwa namna nyingine. Familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye vituo vya gari moshi zikingojea treni. Nyuma yao zilibaki nyumba zilizojengwa kwa mishahara ya miaka mingi.

Mwaka huo huo wa 1993 mgodi wa Kipushi, ambao tangu miaka ya 1960 ulikuwa mikononi mwa Gécamines, ukasimama. Mwaka 2011 maji yalijaa sehemu za chini. Uzalishaji ulianza tena mwaka 2024 tu, sasa kwa ajili ya zinki. Miaka zaidi ya 30 ikapita katikati. Katika miaka hiyo watu waliishi kwa shamba, kwa biashara ya mpaka wa Zambia, kwa makala, na kwa matofali. Aliyejua kufyatua na kuchoma alikuwa na kitu cha kuuza.

Maarifa ambayo hayahitaji pesa nyingi

Kwa familia inayojiandaa kujenga, haya ndiyo mambo ambayo mafundi wa zamani walirithishana, na ambayo shule za ufundi zinafundisha hadi leo.

Kwanza, udongo. Weka konzi chache za udongo ndani ya chupa nyeupe, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, uache mpaka kesho. Mchanga unakaa chini, mfinyanzi unakaa juu. Mfinyanzi ukizidi sana, tofali litapasuka likikauka, na dawa ni kuongeza mchanga. Mchanga ukizidi, tofali litamomonyoka.

Pili, kukausha. Tofali bichi likauke polepole, chini ya nyasi, likigeuzwa. Jua kali linakausha ngozi ya nje wakati ndani bado kuna maji. Likiingia hivyo tanuruni, linapasuka.

Tatu, moto. Tanuru yetu inajengwa kwa matofali yenyewe, ikiachiwa midomo ya kuni chini na kupakwa tope nje. Moto unahitaji kukaa siku kadhaa, na joto lifike karibu digrii 900 au zaidi. Matofali ya pembeni hayaivi sawasawa. Mnunuzi agonge mawili pamoja: yaliyoiva yanalia kama chuma, yasiyoiva yanatoa sauti nzito. Kisha atumbukize moja ndani ya maji usiku kucha. Likilainika, asilipeleke kwenye msingi.

Nne, maji. Nyumba nyingi zinazoanguka wakati wa masika hazikuangushwa na tofali baya. Maji yaliingia chini ya ukuta. Msingi wa mawe uliochimbwa mpaka udongo mgumu na kuinuliwa juu ya ardhi, karatasi nene ya plastiki kati ya msingi na ukuta, bati linalotokeza vya kutosha nje, na mfereji wa kupeleka maji mbali: vitu hivyo vinne vinaweza kuokoa hata nyumba ya matofali mabichi. Simenti ikiwa kidogo, mafundi wanaitumia kwenye msingi, juu ya milango na madirisha, na kuziba viungo vya nje. Katikati ya ukuta tope zuri la kichuguu linatosha.

Tano, mchanga. Kipushi imezungukwa na mabaki ya kazi ya mgodi, laini na rahisi kuzoa. Madini ya Kipushi yalikuja pamoja na risasi, kadimiamu na aseniki, ambazo ni sumu, hasa kwa watoto. Mchanga wa namna hiyo usiingie katika sakafu wala ukutani. Mchanga wa mto ni mbali zaidi, lakini ndio wa nyumba.

Deni la pori

Kuna gharama nyingine ambayo haionekani katika bei ya tofali. Kila tanuru inakula miti. Pori la miombo kuzunguka Lubumbashi limerudi nyuma mwaka kwa mwaka kwa ajili ya makala, mashamba na matofali, na fundi wa leo anafuata kuni mbali zaidi kuliko baba yake. Kichuguu nacho, kilichokusanywa kwa karne nyingi, kinaisha kwa msimu mmoja.

Njia ya kupunguza moto ipo tangu miaka ya 1950, wakati mhandisi Raúl Ramírez wa Chile alipotengeneza huko Bogotá, Kolombia, mashine ya mkono ya kukandamiza udongo, iliyoitwa CINVA-Ram. Udongo wenye mchanga wa kutosha unachanganywa na simenti kidogo, kiasi cha sehemu 5 hadi 8 kwa 100, unashindiliwa ndani ya chuma, kisha tofali linanyeshewa na kufunikwa kwa wiki tatu au nne. Hakuna kuni. Mashine moja inaweza kutumika na familia nyingi kwa zamu, kila moja ikikamilisha nyumba yake.

Misaada inayofika kwa waliohama mara nyingi ni turubai, unga na sabuni. Vyote vinahitajika, na vyote vinakwisha. Mwashi mzee wa mtaa, akilipwa kuonyesha vijana 10 kwa kiangazi kimoja namna ya kuchagua udongo, kupanga tanuru na kunyoosha ukuta kwa uzi, anaacha kitu ambacho hakibaki nyuma familia ikilazimika kuhama tena. Kiangazi hakingojei. Kikundi kinachotaka kujenga kabla ya mvua kinapaswa kuwa kimefyatua tofali la kwanza mwezi wa tano.