Kopo la kunasa oili: Injini ipi ya dizeli inalihitaji?

MSAFIRI anayetoka Masasi kwenda Newala, mkoani Mtwara, huanza safari kwenye tambarare yenye vilima vya mawe, kisha hupanda ukingo wa Uwanda wa Makonde hadi mji ulio zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari.

Kwa abiria huo ni mlima tu. Kwa injini ya dizeli ya gari lililosheheni magunia ya korosho ni mtihani: joto huongezeka, mgandamizo hukua, na sehemu ya gesi iliyo ndani ya silinda hupenya mahali isipotakiwa.

Gesi hiyo ndiyo chanzo cha swali wanaloulizwa mafundi: je, kuna faida kufunga kopo la kunasa oili? Faida ipo, lakini si kwa kila injini, na kopo hilo haliponyi injini iliyokwisha kuchoka.

Gesi inavyopenya

Injini ya dizeli haitegemei cheche za plagi kama ya petroli. Huibana hewa hadi ipate joto la kuwasha mafuta. Injini ya Toyota 1HZ ya lita 4.2, inayofahamika sana katika Land Cruiser za kazi, huibana hewa hadi ibaki chini ya sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa awali.

Kwa mgandamizo huo, hata ringi za pistoni zilizo nzima haziwezi kuzuia gesi yote. Kiasi fulani hushuka hadi kwenye sampo na kuchanganyika na matone madogo mno ya oili, mvuke wa maji na masizi. Isipopata pa kutokea, husukuma sili na gasketi mpaka oili ianze kuvuja.

Ndiyo maana kila injini ina njia ya kupumulia. Zamani njia hiyo iliimwaga gesi chini ya gari. Kuanzia magari ya mwaka 1961 yaliyouzwa katika jimbo la California, Marekani, watengenezaji walianza kuirudisha kwenye njia ya hewa ili iunguzwe badala ya kuchafua mazingira. Utaratibu huo, ulioanzia kwenye magari ya petroli, baadaye ulienea hadi kwenye ya dizeli.

Kopo la kunasa oili hufungwa katikati ya mpira huo wa kupumulia. Gesi huingia, hugonga vizuizi au wavu uliomo ndani, hupoa, na matone ya oili huungana na kutuama chini. Gesi iliyobaki huendelea na safari yake.

Nani anafaidika?

Faida huonekana zaidi kwenye injini zenye tabo, intakula na mfumo wa EGR, ambao hurudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya silinda. Mfano ni 1KD-FTV ya lita 3.0, iliyofungwa kwenye Hilux na Land Cruiser Prado.

Katika injini za namna hiyo, gesi yenye oili hupitia kwenye tabo na kuacha utando ndani ya intakula. Mbele yake oili hukutana na masizi ya EGR, na mchanganyiko huo huganda kama lami na kuziba njia ya hewa taratibu. Kopo zuri hupunguza oili inayofika huko. Hata hivyo haliondoi masizi, wala halisafishi uchafu uliokwisha kuganda.

Kwa 1HZ isiyo na tabo wala intakula, faida ni ndogo. Aidha, baadhi ya magari mapya hutoka kiwandani yakiwa na kifaa cha kutenganisha oili na gesi, hivyo mwenye gari hana budi kulikagua kabla ya kutumia fedha.

Hatari za kopo bovu

Kopo lisilo na vizuizi ndani hunasa kidogo sana. Baadhi ya watu hulijaza waya wa kusugulia sufuria, jambo la hatari kwa kuwa vipande vyake vikikatika huweza kuvutwa hadi kwenye tabo.

Mipira myembamba au iliyokunjwa huzuia gesi kutoka. Kopo lililoachwa lijae nalo ni hatari: oili ikivutwa kwa mkupuo, injini ya dizeli huweza kuiunguza kama mafuta, ikazunguka kwa kasi kubwa na kukataa kuzimika hata ufunguo ukizungushwa.

Vumbi kwanza

Mahali ambapo lami haijafika, adui mkubwa zaidi ni vumbi. Mchanga laini unaopita kwenye eya klina iliyochanika hukwaruza silinda na kula ringi, na gesi inayopenya huongezeka. Kwa mwenye gari ambalo kipato chake cha siku ndicho ada ya shule na chakula cha nyumbani, fedha ya kwanza ielekee kwenye eya klina imara na kubadilisha oili kwa wakati.

Kabla ya kununua kopo, injini ipimwe. Ikiwa imepata moto na inaunguruma taratibu, kifuniko cha oili kifunguliwe kwa uangalifu. Moshi hafifu ni wa kawaida. Moshi mzito unaotoka kwa mapigo, pamoja na moshi wa bluu kwenye ekzosi na oili inayopungua kwenye stiki, huashiria ringi au tabo iliyochakaa. Hapo kinachohitajika ni fundi kupima mgandamizo wa kila silinda.

Baada ya kufungwa, kopo likaguliwe mara kwa mara. Kilichomo kisirudishwe kwenye injini, kwa kuwa kina maji na masizi, wala kisimwagwe ardhini, hasa kwenye uwanda ambao maji yamekuwa haba tangu zamani. Likianza kujaa upesi kuliko mwanzo, gari lipelekwe gereji kabla ya safari nyingine ya kupanda Newala.