Kovu la Kwanza na Mtoto wa Pili: Historia ya Uamuzi Mmoja Kando ya Ziwa Viktoria

Historia zilizoandikwa za nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria zina mengi juu ya watemi, vita, pamba na reli. Juu ya uzazi zina machache, na hayo machache aghalabu hukoma pale mtoto anapolia. Walakini kwa mwanamke aliyekaribia kufa katika uzazi wake wa kwanza, jambo zito huanza baada ya kilio hicho. Jeraha likiisha kupona huja swali: je, azae tena? Insha hii yakusudia kuonyesha ya kuwa swali hilo, linalodhaniwa kuwa siri ya chumbani, lina historia kama kodi na kilimo vilivyo na historia. Na ya kuwa jibu lake limetegemea mambo mawili: nani mwenye sauti nyumbani, na msaada uko umbali gani.

Tuanze na mfano wa historia iliyokoma mapema. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin alikuwa Kahura katika Bunyoro, kaskazini-magharibi ya ziwa letu. Huko alishuhudia mganga akimpasua mwanamke wa miaka kama 20, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza. Mwanamke huyo alileweshwa kwa mvinyo wa ndizi. Mganga akanawa mikono na kuosha tumbo kwa mvinyo uo huo. Mishipa iliyotoa damu ikachomwa kwa chuma cha moto. Jeraha likafungwa kwa misumari myembamba ya chuma na nyuzi za magome ya mti. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga, na mama na mtoto walikuwa hai. Felkin alichapisha habari hii Edinburgh mwaka 1884, nayo imetajwa katika vitabu vya utabibu hata leo. Wasomi wameusifu ustadi wa mganga yule, na ni haki yao. Lakini taarifa inamalizika siku ya 11, na katika sifa zote hizo mwanamke mwenyewe amebaki kuwa tumbo na jeraha.

Aliyekwenda mbele zaidi si daktari bali ni mwandishi. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu kirefu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Baadaye alikigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980. Mume na mke hao wapendana, lakini hawana mtoto aliye hai. Jamaa za mume wamtukana mke. Wazazi wa mke wamchukua binti yao. Mume hana budi kulipa faini ya pombe ili amrudishe. Kisha hutafutwa mganga, na hatimaye azaliwa Ntulanalwo, na baada yake Bulihwali. Msomaji aangalie: yapo maneno mengi ya wakwe, wazazi, majirani na mganga kabla ya mtoto kupatikana. Kitereza ametuonyesha jinsi tumbo la mke mmoja lilivyokuwa jambo la baraza zima. Kitabu hiki ni hadithi, lakini ni hati ya historia pia, maana mwandishi alikusudia kuhifadhi desturi za Wakerewe zisipotee.

Baraza hilo lilikuwa na sababu zake. Watoto walikuwa mikono ya shamba na ulinzi wa uzeeni, na wengi walikufa wangali wachanga. Upande wa bara, kwa Wasukuma, mahari ya ng'ombe iliunganisha koo mbili, na ndoa ilipovunjika watoto waliozaliwa waliingia katika hesabu ya ng'ombe wa kurudishwa. Tena, katika jamii nyingi za Afrika Mashariki uchungu uliokawia ulidhaniwa kuwa dalili ya kosa lililofichwa, na mama alihimizwa kuungama huku akiteseka. Basi aliyeokoka alitoka na majeraha mawili, la mwili na la heshima, na dawa iliyotajwa kwa yote mawili ilikuwa moja: kuzaa tena, na kuzaa salama.

Majina ya watu nayo yameweka kumbukumbu. Kwa Wasukuma mapacha huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Uzazi wa mapacha ulikuwa wa hatari, nao ulikuwa na miiko na matambiko yake. Kila Shija, kwa hiyo, ni ushahidi unaotembea: mama yake alipita katika mlango ule mgumu, kisha akapita tena. Kama alipita kwa hiari yake au kwa kusukumwa, jina halisemi.

Zilipokuja hospitali, sauti mpya iliingia barazani. Mwaka 1916 daktari Edwin Cragin wa New York alitoa kauli iliyoenea duniani, ya kwamba mwanamke akiisha kupasuliwa mara moja atapasuliwa kila mara. Cragin alikuwa akiwaonya wenzake wasifanye haraka kupasua mara ya kwanza. Lakini onyo liligeuka likawa sheria. Siku zile tumbo la uzazi lilikatwa sehemu ya juu, na kovu la hapo hupasuka kwa urahisi. Munro Kerr wa Glasgow alieneza katika miaka ya 1920 njia ya kukata sehemu ya chini, yenye kovu imara zaidi, na mwaka 1980 mkutano wa wataalamu Marekani ulikubali kwamba wengi wa wanawake hao waweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida. Leo yajulikana kuwa wanaojaribu hufaulu kwa kiasi cha 60 hadi 80 katika kila 100, na kovu hupasuka kwa takriban 5 katika kila 1,000, mradi wawe mahali penye chumba cha upasuaji, damu na wauguzi wa kuwaangalia.

Uzito wote umo katika sharti hilo la mwisho. Kovu lililo salama kwa mkaaji wa mjini Mwanza, penye hospitali ya Bugando iliyofunguliwa mwaka 1971, si salama hivyo kwa mkaaji wa Ukara, ambaye hana budi kuvuka maji. Vivyo hivyo mwanamke aliyepata fistula kwa uchungu wa siku nyingi, akashonwa akapona, huambiwa uzazi wake ujao uwe wa upasuaji. Agizo jema, lakini halina mtumbwi ndani yake. Wa Sengerema walingoja kivuko cha Busisi miaka mingi, hata daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, lilipofunguliwa mwaka 2025. Daraja hilo husifiwa kwa biashara. Nathubutu kusema ya kuwa limebadili pia hesabu ya nyumba nyingi juu ya mtoto wa pili.

Serikali nayo imesema, na si kwa sauti moja. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akieleza Mpango wa Pili wa Maendeleo, alikumbusha kuwa kuzaa ni jambo tunaloshiriki na wanyama, lakini kulea na kuelimisha ni wajibu wa binadamu. Mwaka 2018, huko Meatu, Rais Magufuli aliwaita wavivu wanaofuata uzazi wa mpango. Viongozi hao walizungumza juu ya idadi ya watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu hana habari ya idadi, anajua jino lilipomwingia. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa kungoja miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine wamsaidia kwa kuwa unampa muda, na katika muda huo aweza kusikika.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mwanahistoria. Pengo la miaka kati ya mtoto wa kwanza na wa pili ni hati isiyosomwa bado. Pengine laeleza njaa, au safari ya mume. Pengine laeleza hofu ambayo hakuna aliyeiuliza. Wanafunzi wetu wa kando ya ziwa wanazo hati hizo majumbani mwao. Wawaulize mama zao na bibi zao kwa adabu na kwa ruhusa: baada ya ule uzazi mgumu, nani aliamua? Na mkubali jibu lolote, hata la aliyesema basi, mmoja atosha. Maana historia ya uzazi iliyo na majina ya waganga na madaktari, bila neno la mzazi mwenyewe, ni taarifa ya Felkin tu: imekoma siku ya 11.