Orodha ya Hisa za Kuangaliwa

Orodha ya hisa za kuangaliwa ni daftari ambamo mwekezaji huandika makampuni machache aliyoyakusudia, akayafuatilia kwa subira kabla ya kutoa rasilmali yake. Nchini Tanzania majina hayo hutoka katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL, kisha zikafuata, miongoni mwa nyingine, Twiga mwaka 2006, NMB 2008, CRDB 2009 na Vodacom 2017. Mkazi wa Dunda, Bagamoyo, aendaye Dar es Salaam kwa barabara ya Tegeta hupita karibu na kiwanda cha saruji cha Twiga, Wazo Hill. Naye akiijua biashara hiyo kwa macho yake, aanze nayo.

Mbele ya kila jina huandikwa bei ya kufungia soko, faida kwa kila hisa, gawio, na tarehe ya mwisho ya kustahiki gawio hilo. Lakini lililo muhimu kuliko yote, na ambalo wengi hughafilika nalo, ni idadi ya hisa zilizouzwa siku ile; kwani zipo hisa zipitazo siku kadhaa pasi na mnunuzi, na bei yake iliyoandikwa ikawa ni ya zamani, hata mwenye dharura asipate wa kumuuzia.

Daftari hupitiwa upya kila hesabu za kampuni zitangazwapo, na jina ambalo sababu ya kuandikwa kwake imebatilika hufutwa bila ya huruma.