Mauaji ya Rue Morgue: Hadithi ya Upelelezi Isiyokuwa na Muuaji

Mnamo Aprili 1841, jarida la Graham's Magazine la Philadelphia, Marekani, lilichapisha hadithi fupi ya Edgar Allan Poe kuhusu mauaji ya Rue Morgue, mtaa wa kubuni jijini Paris, ambayo wahakiki wengi huihesabu kuwa ya kwanza katika utanzu wa upelelezi, yaani masimulizi ambayo kiini chake si uhalifu wenyewe bali njia ya akili inayoufumbua. Kazi ya upelelezi ilikuwa bado changa: Eugène François Vidocq, mfungwa wa zamani aliyepata kuongoza kikosi cha siri cha polisi wa Paris, alikuwa amefungua ofisi yake binafsi mwaka 1833, ilhali polisi wa London, walioanzishwa mwaka 1829, hawakupata kitengo cha wapelelezi hadi 1842. Auguste Dupin, mhusika mkuu wa Poe, si polisi wala halipwi mshahara na yeyote. Naye humkosoa Vidocq kwa jina, akimwona hodari wa kubahatisha ambaye hukisogeza kitu karibu mno na jicho hata asikione chote.

Katika mkasa huo, majirani wanaamshwa na mayowe yapata saa tisa usiku, na wanapopanda ngazi za nyumba ya Bibi L'Espanaye wanasikia sauti mbili zikigombana, moja nzito na nyingine kali. Chumba cha gorofa ya nne kimefungwa kwa ndani. Mwili wa binti, Camille, umeshindiliwa kichwa chini ndani ya dohani, na wa mama unapatikana uani, ukiwa umekatwa kwa wembe hata kichwa kimeachana na kiwiliwili. Dhahabu ya faranga zipatazo 4,000 haijaguswa, lakini polisi wanamkamata Adolphe Le Bon, karani wa benki, ambaye siku tatu kabla alimsindikiza bibi huyo kuzifikisha fedha hizo nyumbani.

Dupin anaanza na ushahidi uliochapishwa gazetini, na hapa ndipo hadithi inapofikia kilele chake cha ubunifu. Mashahidi wanakubaliana kwamba sauti nzito ilikuwa ya Mfaransa, lakini kuhusu ile kali kila mmoja anataja lugha tofauti: Mwingereza anasema ni Kijerumani, Mhispania anasema ni Kiingereza, Mtaliano anasema ni Kirusi, na Mholanzi, ambaye mwenyewe anahojiwa kupitia mkalimani, anashikilia kuwa ni Kifaransa. Hakuna hata mmoja anayeijua lugha anayoitaja. Polisi wanaziona kauli hizo kuwa mkanganyiko wa kawaida wa mashahidi, ilhali Dupin anatambua kwamba mkanganyiko huo ndio ushahidi wenyewe, kwa kuwa sauti ambayo kila sikio linaiona ngeni, na ambayo hakuna aliyenasa neno lake hata moja, haina lazima ya kuwa ya binadamu. Msumari wa dirisha uliovunjika ndani kwa ndani, unywele usio wa mtu na alama za vidole shingoni vinathibitisha tu yale ambayo sikio limekwisha kuyafichua: mnyama ni orangutani, sokwe wa Borneo, ambaye jina lake katika Kimalei lina maana ya mtu wa msituni, na aliyemtoroka baharia aliyekuwa akimfuga.

Kwa hiyo hadithi inayohesabiwa mama wa utanzu huu haina muuaji kwa maana ya kisheria, kwa sababu hakuna nia, hakuna chuki na hakuna faida iliyotafutwa. Kinachohukumiwa ni mazoea ya kudhani kwamba palipo na maiti na dhahabu pana mwizi, mazoea ambayo nusura yamwangamize karani asiye na hatia.

Kuna pia usomaji mzito zaidi, ambao haustahili kupuuzwa. Baadhi ya wahakiki wameihusisha hadithi na hofu za kirangi za Marekani ya enzi ya utumwa, kwa kuwa orangutani anamilikiwa na kufungiwa, anajaribu kujinyoa kwa kumwiga bwana wake, anakimbia anapouona mjeledi, na baada ya mauaji anaificha maiti kwa kuuogopa mjeledi huohuo. Katika Philadelphia hiyohiyo, mnamo Mei 1838, umati uliichoma Pennsylvania Hall, jumba lililojengwa na wapinzani wa utumwa, siku chache tu baada ya kufunguliwa. Paris ya Poe, mji ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuufikia, haikuwa mbali na mitaa aliyokuwa akiishi.

Utanzu wa upelelezi ulifika Zanzibar kupitia kalamu ya Muhammed Said Abdulla, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa mwaka 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, mwenye kiko chake na mwenzake Najum, ana undugu wa wazi na Sherlock Holmes, ambaye naye alizaliwa na Dupin. Mwelekeo wa fumbo, hata hivyo, umegeuzwa: Dupin anamwondolea binadamu shutuma na kumkuta mnyama, ilhali Bwana Msa anaiondolea mizimu shutuma na kumtafuta binadamu.