Bunduki za Bunkeya na mihogo ya Luapula

Wandugu, juzi nilibishana na wenzangu wa promosheni: nchi yenye jirani msumbufu inahitaji nini? Karibu wote wakajibu: silaha, basi. Mimi ni mtu wa agronomia, kazi yangu ni mbegu na udongo. Lakini jibu lile lilinirudisha kwenye historia ya hapa kwetu Katanga, karne ya 19.

Kwenye mto Luapula kulikuwa na dola la Kazembe, la Walunda waliotoka magharibi katika karne ya 18. Jeshi walikuwa nalo, na walilitumia. Ila baada ya vita, wenyeji wenye udongo waliachiwa matambiko yao, na machifu wakaingizwa katika undugu: huyu mtoto, yule mdogo, undugu unaorithiwa pamoja na cheo. Mihogo na samaki vililisha makao makuu. Shaba na chumvi ya Katanga vilikuwa vinafika kwao kama kodi.

Kisha, karibu mwaka 1856, akaja Msiri, Mnyamwezi, mtoto wa mfanyabiashara Kalasa. Hakutumia bunduki peke yake. Masimulizi ya Bayeke yanasema walileta chanjo ya ndui. Alisaidia machifu juu ya maadui wao. Alioa mabinti wa pande nyingi, na wake hao wakawa macho na masikio yake. Mmoja wao, Maria de Fonseca, alimuunganisha na wafanyabiashara wa upande wa Angola. Baruti ikaingia kutoka mashariki na magharibi. Alipopata nguvu, kodi ya kwenda kwa Kazembe akaikata, tena akaingilia hata ugomvi wa kurithi kiti kule Luapula. Majirani wawili, na kila mmoja ana mkono wa kukumbatia na mkono wa kupiga.

Lakini Msiri alizidisha ule wa kupiga. Wasanga walichoka na kodi na biashara ya watumwa. Karibu mwaka 1886, baada ya mwanamke wao Masengo kuuawa, wakaasi. Hawakumshambulia mfalme uso kwa uso; walivizia njia, wakazuia misafara ya baruti. Kwenye vita vya namna hiyo nani atalima? Stairs, aliyetumwa kwa faida ya Leopold II, alipofika Bunkeya Desemba 1891, mji ulikuwa tayari na njaa. Tarehe 20 kapiteni Bodson akampiga Msiri risasi akamuua, naye mwenyewe akajeruhiwa vibaya, akafa baadaye.

Siwadanganyi: undugu hauzuii risasi. Kazembe naye alivamiwa na Waingereza mwaka 1899. Bila jeshi, jirani anakuchezea. Hilo siye tunalijua vizuri, hatuhitaji kufundishwa. Ninachosema ni kwamba bunduki zilimfungulia Msiri njia, na chuki ya wale waliokaa pembeni ya njia njo iliyozifunga. Mgeni alipobisha hodi, alikuta nyumba imekwisha kupasuka.

Kwa hiyo, wandugu, tukihesabu askari tuhesabu na mashamba pia. Askari anakula bukari ya nani? Na yule mama anayelima kando ya barabara, akiona jeshi letu linapita, anakimbia ao anatoa maji ya kunywa? Nchi isiyojua jibu la swali hilo, hata ikinunua silaha zote, bado haina nguvu.